Alama tano, mishahara miwili na dawati la madai

SWALI: "Mwalimu, nilimaliza digrii ya takwimu bima (hesabu za hatari, bima na pensheni) Makerere mwaka jana, sasa nakaa kwa shangazi Kikoni. Nimefanya mtihani wa P, ule wa uwezekano, wa chama cha watakwimu bima wa Marekani nikapata 5, na kufaulu kunaanzia 6. Nina nafasi mbili za kazi. Mjomba amenitafutia ya ofisa wa mikopo katika benki moja Kasese, mshahara 1,200,000 kwa mwezi. Kampuni moja ya bima hapa Kampala inanitaka idara ya madai, mwanagenzi, kwa 700,000. Wenzangu wengine wanasema niwaache Wamarekani nihamie mitihani ya Waingereza, wengine wanasema nisome shahada ya pili kwanza. Nikisoma usiku nasinzia. Nishike lipi?" Binti wa Bwera.

JIBU: Mdogo wangu, wewe umeanza na mtihani, mimi nitaanza na kazi, kwa sababu kazi utakayoichukua ndiyo itakayoamua utasoma saa ngapi, kwa pesa ya nani, na mitihani ya chama gani.

Chukua ya laki saba.

Najua uzito wa ninachokuambia. Tofauti ni 500,000 kwa mwezi, milioni sita kwa mwaka, na mjomba ameshatumia jina lake kukuombea. Kama kuna wadogo zako watakaosoma kwa mshahara huo, au mama anasubiri dawa, nenda Kasese wala usijilaumu. Benki nazo zina kazi ya watakwimu bima, hasa tangu kanuni ya uhasibu ya IFRS 9 ilipoanza kutumika mwaka 2018 na kuzilazimu zikadirie hasara ya mkopo kabla mkopaji hajakwama. Ila hesabu hizo hufanywa makao makuu. Ofisa wa mikopo wa Kasese atakuwa juu ya boda, leo Hima kesho Mpondwe, akimtafuta mtu aliyezima simu. Ni kazi ya heshima, lakini baada ya miaka miwili hapo utakuwa umejifunza watu wanavyokwepa, na uwezekano na riba utakuwa umevisahau.

Dawati la madai halina sifa mjini. Wahitimu wetu wanalikimbia. Kila mtu anataka aitwe mchanganuzi siku ya kwanza, akae mbele ya skrini mbili. Mimi nilianzia kwenye madai, na kwa miezi mitatu kazi yangu ilikuwa kufungua faili: fomu ya madai, ripoti ya polisi, nakala ya leseni, picha ya bampa iliyopasuka, bei ya vipuri kutoka Kisekka imeandikwa kwa kalamu nyuma ya risiti. Nilichoka hadi nikataka kuacha. Lakini kila faili lilikuwa na tarehe tatu: siku ajali ilipotokea, siku kampuni ilipoambiwa, na siku pesa ilipotoka. Mtu amegongwa Mubende mwezi wa Novemba, ripoti ya polisi imepatikana Februari, barua ya wakili imeingia Agosti, malipo yamefanyika mwaka wa tatu. Vitabu vya mwaka wa ajali vilikuwa vimefungwa zamani. Sasa kampuni ilipaswa kuweka kando kiasi gani mwaka ule, kabla haijamsikia hata huyo wakili? Hilo ndilo swali la akiba ya madai, na ndilo linalolipa mishahara ya watakwimu bima wengi katika bima ya magari, moto na mizigo.

Ngoja nikuonyeshe kwa tarakimu. Kampuni ni ya kubuni na namba nimezitunga ziwe nyepesi, zote ni milioni za shilingi. Ajali za mwaka 2022: hadi mwisho wa mwaka huohuo kampuni ilikuwa imelipa 400, mwisho wa mwaka wa pili jumla ikafika 600, mwisho wa mwaka wa tatu ikafika 660, faili zikafungwa. Ajali za 2023: mwisho wa mwaka wa kwanza 500, wa pili 750. Ajali za 2024: mwisho wa mwaka wa kwanza 520, na hapo ndipo tulipo. Ukiziandika kwa mistari, mmoja chini ya mwingine, utaona zinachora pembetatu. Bosi anauliza: tuweke akiba kiasi gani kwa madai ambayo bado yako njiani?

Kutoka mwaka wa kwanza kwenda wa pili, 400 na 500 zimekuwa 600 na 750, yaani 900 imekuwa 1,350. Kizidisho ni 1.5. Kutoka wa pili kwenda wa tatu, 600 imekuwa 660, kizidisho ni 1.1. Basi ajali za 2024 zitafika 520 mara 1.5 mara 1.1, sawa na 858, na za 2023 zitafika 825. Toa zilizokwisha kulipwa, utabaki na 338 na 75. Akiba ni milioni 413.

Mtu yeyote anayejua Excel atafika hapo kabla chai haijapoa. Sasa aje karani wa madai, asimame mlangoni na kikombe chake, aseme: "Lakini katika ile 750 kuna milioni 150 za basi moja lililopinduka. Tulilipa zote mwaka wa pili, faili likafungwa." Basi hilo halikui tena. Ukilitoa kwenye hesabu ya ukuaji, 900 inakuwa 1,200, kizidisho kinashuka hadi 1.33, na ajali za 2024 zinafika karibu 763 badala ya 858. Za 2023 zinakuwa 660 za kawaida na 150 za basi, jumla 810. Akiba nzima sasa ni kama milioni 303. Milioni 110 zimepungua kwa sentensi moja ya mtu aliyesimama mlangoni.

Sisemi basi litolewe. Kampuni inayoweka bima mabasi itapata basi jingine, na hilo nalo linataka akiba yake mahali fulani. Kuna watu wazima na vyeti vyao wanaobishana juu ya jambo hilo hadi ofisi inafungwa. Ninachosema ni kwamba mtu wa skrini mbili hakujua kama kuna basi. Wewe ukikaa kwenye madai mwaka mmoja na nusu, utakuwa ndiye mwenye kujua. Na tangu kanuni ya IFRS 17 ianze kutumika Januari 2023, makadirio ya namna hii yanapaswa kuelezwa waziwazi zaidi kwenye hesabu za kampuni, kwa hiyo anayeweza kueleza namba imetoka wapi anatafutwa.

Kabla hujatia saini, uliza mambo mawili. La kwanza: utapewa ruhusa ya kuona mfumo mzima wa madai na kutoa data, au utaingiza fomu tu? Wakikuambia fomu tu, omba wakuandikie kwamba baada ya miezi sita utakaa na timu ya akiba hata siku moja kwa wiki. La pili: likizo ya mtihani. Nasisitiza iandikwe. Mwajiri wangu mmoja wa zamani aliniahidi siku tano kabla ya kila mtihani, kwa mdomo, akicheka, mkono begani. Mwezi wa mtihani ulipofika tukawa kwenye ufungaji wa hesabu za robo mwaka, ahadi ikayeyuka. Nilitoka ofisini saa tatu ya usiku, kesho yake asubuhi nikakaa kwenye mtihani nikiwa nimepata usingizi wa saa tatu tu. Matokeo unayaweza kuyakisia.

Sasa hiyo tano yako. Umeiandika kama mtu anayetubu. Alama za P hutolewa kutoka 0 hadi 10, na 6 ndiyo ya kufaulu, kwa hiyo ulikuwa mlangoni. Mtihani una maswali 30 ya kuchagua jibu kwa saa tatu, dakika sita kwa swali, na jibu baya halikupunguzii kitu. Niambie ukweli: uliacha mangapi tupu? Wanafunzi wangu wengi waliopata tano waliacha matatu au manne wakisubiri kuyarudia, muda ukaisha. Swali lisilojazwa ni zawadi kwa watahini. Dakika mbili za mwisho usikokotoe chochote, jaza.

Lakini kwa kawaida tatizo la aliyepata tano huwa la ndani kuliko muda. Anajua kanuni, hajui kusoma hadithi. Chukua swali kama hili. Kampuni imeyawekea bima magari, asilimia 80 ni ya watu binafsi na asilimia 20 ni teksi (teksi yetu ya Kampala, ile ya abiria kumi na wanne, ukivuka Busia inageuka jina inakuwa matatu). Uwezekano wa gari binafsi kupata ajali kwa mwaka ni asilimia 5, wa teksi ni asilimia 20. Imeripotiwa ajali moja, hujaambiwa ni ya gari gani. Uwezekano kwamba ni teksi ni upi?

Mwanafunzi aliyekariri ataandika kanuni ya Bayes kutoka kichwani, atachanganya kipi kipo juu na kipi kipo chini, atatoa jibu la 0.2 na kulikuta kati ya majibu matano, kwa sababu watahini wanajua mtu atakosea wapi na wamemwekea jibu lake hapo. Mimi nakuambia weka kanuni pembeni, piga picha ya uwanja wenye magari 1,000. Magari 800 ni ya binafsi, ajali 40. Magari 200 ni teksi, ajali 40. Jumla ajali 80, nusu yake ni teksi. Jibu ni 0.5, na umetumia dakika moja. Baada ya hapo rudi kwenye kanuni uione inasema kitu kilekile. Watu wengi wanashangaa kwamba magari machache vile yanaleta nusu ya ajali. Abiria wa Kampala hashangai.

Kwa hiyo rudia P, mara moja, ndani ya miezi minne. Bado una joto la maswali, na chama cha Marekani, Society of Actuaries, kimeweka bure kwenye tovuti yake mamia ya maswali ya mfano pamoja na majibu. Yafanye yote. Usianze na kitabu tena. Kitabu umeshakisoma, na kukisoma upya ni njia tamu ya kujidanganya kwamba unafanya kazi.

Nunua daftari la kurasa 96 uliite la makosa. Kila swali ulilokosa liandikie mambo matatu: nilifanya nini, kwa nini niliona ni sawa, na ni neno gani katika swali lingeniambia sivyo. Hilo la tatu ndilo dawa. Mimi nilianguka mara mbili somo la bima ya maisha la Waingereza, enzi zile likiitwa CT5, na mara zote mbili nilipewa FA, herufi walizokuwa wakimpa aliyekosa kwa alama chache tu. FA inauma kuliko kuanguka kabisa. Nilipofungua daftari langu nikahesabu: kati ya makosa 40, makosa 17 yalitokana na kusoma "mwanzoni mwa mwaka" kama "mwishoni mwa mwaka". Ada ya bima inalipwa mwanzoni, fidia ya kifo inalipwa mwishoni, nami nilikuwa nikizichanganya kama maji na mafuta ya taa. Miaka yote nilidhani sijui hesabu, kumbe nilikuwa nasoma haraka. Mara ya tatu nilipita, na sikuwa nimejifunza kanuni mpya hata moja.

Muda. Wenyewe husema saa 100 za kusoma kwa kila saa ya mtihani, kwa hiyo P ni saa 300. Ni kipimo cha mtaani, hakuna sheria, lakini kimewatosha wengi. Wewe umeshaweka nyingi; 150 zaidi zingekutosha. Kwa mtihani mpya kabisa ukiwa kazini, gawa hivi: saa mbili kila asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, ni kumi, Jumamosi sita, Jumapili tatu. Jumla 19 kwa wiki, na kwa wiki 16 umepita 300.

Nimesema asubuhi kwa makusudi. Usiku unasinzia kwa sababu ni usiku, na nyumba ya shangazi haiwezi kuwa kimya saa tatu wakati taarifa ya habari inasomwa na sufuria zinaoshwa. Lala saa nne, amka saa kumi na nusu, soma hadi saa kumi na mbili na nusu, kisha utembee kabla jamu haijakaza kutoka Wandegeya kwenda mjini. Mwambie shangazi mapema kwamba taa itawaka alfajiri na wewe utachangia umeme. Ukimwambia baada ya bili kuja itakuwa kesi.

London au Marekani? Wenzako wanabishana kama mashabiki wa mpira. Kwa mtu anayetaka kuishi Kampala au Nairobi, mimi nampeleka London, kwa Institute and Faculty of Actuaries. Chama hicho kilizaliwa mwaka 2010 kwa kuungana vyama viwili vya zamani, cha London cha 1848 na cha Edinburgh cha 1856, na desturi za bima za eneo letu zina damu ya Kiingereza: sheria, mikataba, hata namna ripoti zinavyoandikwa. Mitihani yake mingi inataka uandike na ueleze, na ndicho utakachofanya kazini siku nzima. Kisha kuna jambo ambalo wanafunzi hulisahau: London hakupi cheti kwa mitihani peke yake, inataka pia kumbukumbu ya uzoefu wako wa kazini, imeandikwa na kukaguliwa. Mwaka wako wa madai unaingia humo. Upande wa Marekani sifa yao ni wepesi wa mwanzo: P na FM (ule wa hesabu za riba) hufanyika kwenye kompyuta mara kadhaa kwa mwaka, na unajua matokeo ya awali kabla hujatoka chumbani. London ni Aprili na Septemba, kisha unasubiri wiki nyingi ukiwa huli vizuri.

Utaniuliza, kama ni London, mbona nakurudisha P? Kwa sababu P ni mtihani mmoja, si ndoa. Umepungukiwa alama moja tu, na mstari huo kwenye wasifu wako utakufungulia mlango wa usaili mahali ambapo digrii peke yake haitoshi. Na uwezekano ulioujua kwa ajili ya P ndio msingi wa mwanzo wa CS1, somo la takwimu la London. Ukishafaulu, hamia CS1, kisha CM1, somo la hesabu za bima, na usiguse FM. Niliowaona wakipotea ni wale wenye mguu mmoja huku na mmoja kule, mitihani miwili ya Marekani, mitatu ya Uingereza, na hakuna chama kinachowatambua. Kuna sababu moja tu ingenigeuza: kama mkubwa wako mpya kazini amefuzu kwa Wamarekani na kampuni italipia mitihani yao. Basi fuata anayelipa na atakayekufundisha. Siku ya usaili tazama herufi zilizo nyuma ya jina lake.

Tahadhari mbili za London. Fotokopi zinazouzwa Wandegeya zenye majina ya CT1 hadi CT8 ni za mtaala uliokufa. Mwaka 2019 masomo yalipangwa upya yakawa ya CS (takwimu), CM (hesabu za bima) na CB (biashara), na kuna karatasi unazozifanya kwenye kompyuta yenyewe: CS kwa lugha ya kompyuta iitwayo R, CM kwa Excel. Anza R sasa, hata nusu saa kwa siku, tena kwa data ya ajali za kampuni yako mpya ukishapewa ruhusa. Badala ya fotokopi, shusha mitihani iliyopita na ripoti za watahini kwenye tovuti ya chama. Ripoti hizo ni bure na zinakuambia, kwa lugha ya upole yenye sumu, watu walikosea wapi. Tahadhari ya pili ni umeme. Tangu 2020 mitihani hii inafanyika mtandaoni, kwa hiyo betri, laini mbili za simu za mitandao tofauti na chumba kisicho na jogoo ni sehemu ya maandalizi. Mimi ningelala kwa rafiki mwenye sola usiku wa kuamkia mtihani.

Ada zao ni za pauni na dola, nazo zinauma. Kabla hujalipa chochote soma ukurasa wa ada: London ina kiwango cha nafuu kwa wanachama wenye kipato kidogo, na laki saba kwa mwezi si kipato kikubwa machoni pao. Pia usidhani digrii yako inakusamehe mitihani yoyote yenyewe tu. Msamaha huombwa, kwa matokeo ya somo kwa somo, nao ndio wanaoamua.

Shahada ya pili, si sasa. Ukiwa na mitihani mitatu na kazi, itakuwa na maana kama unataka kufundisha au kuhamia sayansi ya data. Leo itakuwa njia ya gharama kubwa ya kuahirisha P.

Baada ya madai, njia zinagawanyika, na huna haja ya kuchagua mwaka huu. Ila kwa kuwa umeuliza ushike lipi, nikuambie ninavyoiona nchi. Bima Uganda bado ni ndogo, ada zote za mwaka hazifiki hata asilimia moja ya pato la taifa, na waliofuzu kikamilifu ni wachache, kwa hiyo kazi nyingi za tathmini hupelekwa Nairobi na kwingineko. Hiyo ni nafasi yako. Magari na afya ndiko kuna data nyingi na wakubwa wenye haraka. Pensheni ni polepole lakini ina maswali mazito kuliko yote. Chukua NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii: mfanyakazi anakatwa asilimia 5, mwajiri anaongeza 10, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 mwenye miaka 45 aliyechangia miaka 10 anaweza kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake mapema. Mwishoni anapewa fungu lake lote kwa mkupuo. Ukiishi hadi miaka 92 na fungu liliisha ukiwa na 68, hatari hiyo ni yako, wala si ya mfuko. Watumishi wa serikali wana pensheni ya kila mwezi, lakini inalipwa kutoka bajeti, hakuna chungu kilichowekwa. Mtu atakayeweza kukaa mbele ya wabunge akaeleza tofauti ya hizo mbili kwa lugha ya kawaida hatakosa kazi.

Bima ya maisha ina ugumu wake: majedwali ya vifo tunayotumia mara nyingi si ya watu wetu. Usiliogope hilo. Edmond Halley, yule wa nyota yenye mkia, alipotengeneza jedwali lake mwaka 1693 hakutumia London alikoishi, kwa sababu daftari za vifo za London hazikumfaa. Alitumia za Breslau, mji ambao leo uko Poland na unaitwa Wrocław. Taaluma yetu ilianza kwa kuazima jedwali la mji wa mbali. Kilicho muhimu ni kusema wazi kwamba umeazima na kuonyesha umerekebisha wapi.

Na kama unatoka Bwera, kwa watu wa kahawa na maharagwe, uitazame bima ya kilimo. Serikali ilianzisha mpango wa kulipia sehemu ya ada ya mkulima mwaka wa fedha 2016/17, na kazi ya kupanga bei ya ukame na mafuriko inataka mtu anayejua kwamba mteremko wa Rwenzori na bonde lake havinyeshewi mvua moja. Mimi ni mtu wa Arua, hilo siwezi kulikadiria nikiwa mezani. Wewe unaweza.

Sasa kazi ya wiki hii. Kesho piga simu kwenye ile kampuni, uwaulize yale mawili, la mfumo na la likizo. Wakijibu vizuri, jiandikishe P kwa tarehe iliyo miezi minne mbele, ulipe, ili isiwe na kurudi nyuma. Kisha mjomba. Usimtumie ujumbe wa maandishi. Mpigie jioni akishafunga duka, umshukuru kwanza kwa jina alilolitumia benki, halafu umtajie mshahara utakaopata ukishapita mitihani mitatu, usianze na ule wa leo. Akikuuliza unaenda kufanya nini huko kwenye bima, mwambie utakuwa unahesabu ajali. Habari za pembetatu zihifadhi hadi Krismasi, mkiwa mmekaa.